Msafiri wa pikipiki na haki za anaowaacha nyumbani

MIONGONI mwa ndoto ambazo vijana wengi huzitaja wanapokaa barazani ni ile ya kupanda pikipiki, mtu peke yake, akavuka nchi baada ya nchi mpaka afike bara jingine. Wazazi huisikia ndoto hiyo kwa hofu, na hofu yao si ya bure, kwa kuwa ni familia chache katika miji yetu zisizomjua mtu aliyevunjika au kufariki kwa ajali ya pikipiki. Vijana nao huiona hofu hiyo kuwa ni uoga wa watu wazima. Matokeo yake ni kwamba jambo lenyewe halizungumzwi: ama kijana huiacha ndoto yake kwa manung'uniko, ama huondoka kwa siri.

Ndugu msomaji, makala haya hayakusudii kumshawishi mtu aondoke, wala kumkataza. Makusudio yake ni kuyaeleza yale ambayo kijana na wazazi wake wanapaswa kuyazungumza kabla chombo hakijawashwa. Na jambo kuu tutakaloliona ni kwamba mtu anaweza kuwa peke yake juu ya kiti cha pikipiki, lakini safari haiwi yake peke yake.

Waliotangulia njiani

Ibn Battuta alitoka mji wa Tangier, nchini Morocco, mwaka 725 Hijria, sawa na 1325, akiwa kijana wa miaka 21. Amesimulia kwamba alitoka peke yake, bila ya rafiki wala msafara, na kwamba wazazi wake wote wawili walikuwa hai, wakahuzunika kwa kuondoka kwake naye akahuzunika kwa kuachana nao. Kabla hajafika Tunis alishikwa na homa kali, akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko la mnyama wake ili asianguke. Alipoingia Tunis watu walitoka kuwapokea jamaa zao, na hapakuwa na hata mmoja wa kumsalimia yeye. Alilia, mpaka mmoja wa mahujaji akaiona hali yake na kumliwaza. Alipoondoka hapo, aliondoka pamoja na msafara wa mahujaji, na wenzake wakamfanya kadhi wao. Basi msafiri huyo mashuhuri, aliyefika mpaka Mombasa na Kilwa mwaka 1331, hakukaa muda mrefu katika upweke wake.

Katika zama zetu, mfano unaotajwa zaidi na wasafiri wa pikipiki ni wa mwandishi wa habari wa Uingereza, Ted Simon. Yeye aliondoka London tarehe 6 Oktoba 1973, akiwa ameshavuka umri wa miaka 40, juu ya pikipiki ya Triumph ya sentimita za ujazo 500. Siku hiyo hiyo, iliyosadifu mwezi 10 Ramadhani 1393, majeshi ya Misri yalivuka Mfereji wa Suez na vita vikaanza, hali njia yake ilikuwa ipite Tunisia, Libya na hiyo Misri yenyewe. Alipita kwa taabu, akateremka mpaka Kenya, Tanzania na kusini mwa Afrika, akavuka bahari kwa meli hadi Brazil, na huko akakamatwa na polisi. Safari yake ilichukua miaka minne, ikapita nchi 45 na zaidi ya kilomita 100,000. Mwaka 2001, akiwa na miaka 69, aliianza tena safari ya namna hiyo, na mara hii alianguka nchini Kenya akavunjika mguu.

Katika habari za watu wawili hawa tunajifunza kwamba anayepanga safari ndefu hapaswi kujiuliza iwapo jambo litaharibika. Ajiulize litakapoharibika atakuwa na nini mkononi, na nani nyuma yake.

Haki za wanaobaki

Maandalizi ya kwanza, kwa hiyo, hayaanzi gereji. Huanza nyumbani. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba mtu mmoja alimwendea Mtume (S.A.W.) kuomba ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wako hai. Aliposema ndiyo, aliamrishwa arejee kwao na kuwatumikia. Ikiwa hali ni hiyo katika jambo tukufu kama lile, basi safari ya kutalii ina haki zaidi ya kuombewa radhi. Na radhi haiombwi usiku wa kuamkia safari. Huombwa mapema, kwa kuwaonyesha wazazi ramani, tarehe na hesabu ya fedha, ili wanachokiridhia wawe wamekijua.

Mwenye mke na watoto ana mzigo mkubwa zaidi. Masurufu ya nyumba yatengwe kwa muda wote wa safari na ziada yake, na yasichanganywe na fedha za mafuta. Imesimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.), baada ya kumuuliza binti yake Hafsa kuhusu subira ya mke aliyeachwa na mumewe, aliweka mpaka wa muda wa askari kuwa mbali na nyumbani, riwaya nyingine zinataja miezi minne na nyingine sita. Anayepanga kuzunguka mabara kwa miaka miwili na aitafakari habari hiyo pamoja na mkewe.

Kisha yapo madeni na wasia. Mtume (S.A.W.) amehimiza kwamba mwenye kitu cha kuusia asilale masiku mawili ila wasia wake uwe umeandikwa kwake. Wasia wa msafiri utaje anachodai na anachodaiwa, amana za watu zilizoko mikononi mwake, na pia jambo ambalo wengi huona haya kulitamka: akifia ugenini azikwe huko huko kwa taratibu za Kiislamu, au familia inataka nini. Familia iliyolizungumza jambo hili mapema haitagombana siku ya msiba.

Je, inafaa kusafiri peke yake?

Hapa ndipo mjadala wenyewe ulipo. Katika Sahihi yake, Imamu Bukhari ameweka mlango kuhusu kusafiri peke yake, na ndani yake amezitaja habari mbili zinazotazamana. Ya kwanza ni ya siku ya Khandaq, pale Mtume (S.A.W.) alipotaka mtu wa kumletea habari za maadui, Zubair bin Awwam (R.A.) akajitokeza mara tatu na kwenda peke yake. Ya pili ni ya Ibn Umar (R.A.), kwamba lau watu wangeyajua madhara ya upweke kama alivyoyajua Mtume (S.A.W.), hakuna mpandaji ambaye angesafiri usiku peke yake. Wafafanuzi wamezikusanya habari hizi kwa kusema kwamba upweke safarini unachukiza, na karaha huondoka pale panapokuwa na haja au maslahi na njia ikawa ya amani.

Msafiri wa pikipiki anaweza kuyafanyia kazi maneno hayo kwa mambo matatu. Kwanza, asiendeshe usiku kabisa. Usiku ndipo ng'ombe na ngamia hulala barabarani, malori huharibika bila ya taa, na shimo halionekani mpaka gurudumu limeshaingia. Magharibi imkute ameshafika. Pili, katika vipande vigumu vya njia, kama vile jangwani, milimani au penye sifa ya ujambazi, amsubiri msafiri mwingine au aongozane na magari, kama Ibn Battuta alivyojiunga na msafara. Tatu, kila jioni apeleke habari nyumbani: alipo, na kesho aelekea wapi. Ikubalike tangu mwanzo kwamba zikipita siku mbili bila habari, nani apigiwe simu, na nakala za pasi na hati zake ziko kwa nani.

Hati na forodha

Safari nyingi hukwama mipakani kabla hazijakwamishwa na barabara. Pasi ya kusafiria iwe na uhai wa kutosha, angalau miezi sita mbele, na kurasa tupu za kupokea viza. Leseni ya kimataifa iliyotolewa chini ya mkataba wa Geneva wa 1949 hudumu mwaka mmoja tu. Chanjo ya homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha.

Hapa wengi huchanganyikiwa, kwa kuwa cheti hicho huitwa kadi ya njano, na iko Kadi ya Njano nyingine ambayo ni bima ya COMESA ya kuwalinda watu wengine dhidi ya ajali utakayoisababisha katika nchi kadhaa za mashariki na kusini mwa Afrika. Tanzania imo katika mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Msafiri anazihitaji zote mbili, na moja haisimami badala ya nyingine.

Hati nzito kuliko zote ni kijitabu cha forodha kiitwacho Carnet de Passages en Douane, ambacho hutolewa na vyama vya wenye magari. Misri na India ni miongoni mwa nchi zinazokitaka. Kijitabu hicho ni ahadi kwamba chombo kitaingia na kitatoka, hakitauzwa humo. Ukurasa mmoja hugongwa muhuri kwa kila nchi, wakati wa kuingia na wakati wa kutoka. Mwenye chombo huweka dhamana ya fedha, ambayo yaweza kuwa kubwa kuliko bei ya pikipiki yenyewe. Muhuri mmoja wa kutokea ukisahaulika, dhamana hiyo inaweza kudaiwa. Na ikiwa dhamana imewekwa na baba kwa fedha zake za uzeeni, basi muhuri huo ni amana ya baba.

Chombo, mzigo na hesabu

Ama kuhusu pikipiki, kubwa si lazima iwe bora. Mwaka 1973 Mfaransa Anne-France Dautheville alizunguka dunia kwa Kawasaki ya sentimita za ujazo 125, sawa na bodaboda za mitaani kwetu. Pikipiki ndogo huinuliwa na mtu mmoja ikianguka, hunywa mafuta kidogo, na fundi wa kijiji huijua. Lililo muhimu ni mwenye nayo aijue: aweze kuziba pancha, kukaza mnyororo, kubadili plagi, waya wa klachi na pedi za breki bila ya kumwita mtu. Vifaa vya kazi hizo ndivyo viwe vya kwanza katika mzigo, pamoja na mpira wa ndani wa akiba na pampu. Nguo ziwe chache. Kofia ngumu, glavu na buti visipunguzwe.

Hesabu nayo ifanywe kwa kalamu. Tuchukue safari ya kilomita 30,000. Kwa mwendo wa kilomita 250 kwa siku, ni siku 120 za kuendesha. Ongeza siku nyingine kama hizo kwa mapumziko, matengenezo na kungoja viza, utapata miezi minane. Pikipiki inayokwenda kilomita 25 kwa lita itakula lita 1,200. Kisha iwepo akiba ya kurudia, yaani nauli ya ndege na gharama ya kukirejesha chombo, ambayo haiguswi kwa sababu nyingine yoyote. Asiye na fedha ya kurudi bado hajawa tayari kwenda.

Msimu na mapito

Manahodha wetu wa pwani hawakuondoka siku waliyotaka, waliondoka siku ambayo upepo uliwaruhusu: kaskazi iliwaleta na kusi iliwapeleka. Msafiri wa barabara naye ana pepo zake. Masika ya Machi hadi Mei hugeuza njia za vumbi kuwa tope, joto la Juni hadi Agosti jangwani ni hatari kwa mtu na injini, mvua za India hunyesha Juni hadi Septemba, na nyanda za juu za Uturuki na Iran hufunikwa na theluji katikati ya majira ya baridi. Kwa ajili hiyo, tarehe ya kuondoka hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka sehemu iliyo ngumu zaidi.

Hata hivyo, mwanadamu hupanga, na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kukadiria. Vita vilivyozuka Sudan tarehe 15 Aprili 2023 viliikata njia iliyozoeleka ya kutoka Ethiopia kupitia Khartoum na Wadi Halfa hadi Misri. Ramani nzuri ina njia ya pili, na msafiri mwema haoni aibu kugeuza.

Kurejea

Mtume (S.A.W.) ameieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, kwani humzuilia mtu usingizi, chakula na kinywaji chake, na akaelekeza kwamba aliyekwisha haja yake afanye haraka kurejea kwa watu wake. Sheria ikamhurumia msafiri kwa kumruhusu kupunguza na kukusanya swala, na kuiahirisha funga. Huruma hiyo ni ishara kwamba safari ni hali ya kupita.

Ibn Battuta aliporejea Damascus mwaka 1348 aliambiwa kwamba baba yake alikuwa amefariki miaka 15 nyuma. Mwaka uliofuata, akiwa Taza, karibu kabisa na kwao, akaambiwa kwamba mama yake amechukuliwa na tauni. Alikwenda Tangier kulizuru kaburi.

Basi ewe kijana, ukiipanga safari yako, ipange pamoja na hao. Nanyi wazazi, kijana anapokuja na ramani mkononi, msikilizeni mpaka mwisho, muulizeni wasia wake uko wapi, hesabu yake ikoje na atarudi lini. Akiwa na majibu, mtakuwa mmejua kwamba anayeomba ruhusa ni mtu mzima.

Wabillahi tawfiq.