Bahari sebuleni: Kabla ya kununua samaki wa maji chumvi, pima baridi ya nyumba yako

Mtoto akishaitazama filamu ya Finding Nemo mara ya nne, swali linakuja lenyewe: mama, na sisi tunaweza kuwa na samaki kama huyu? Kwa mzazi wa Tanga au Dar es Salaam bahari iko jirani. Kwa mzazi wa Makambako au Njombe Mjini, bahari iko zaidi ya kilomita 600, huko chini ya mlima Kitonga, na asubuhi ya Julai maji ya ndoo iliyolala nje yanauma vidole.

Inawezekana. Ila wengi huanza kwa kuulizia bei ya kioo na samaki, wakati kwa nyumba za nyanda za juu yapo maswali mawili yanayotangulia: joto litatoka wapi, na umeme ukikatika saa nane za usiku nani ataamka?

Samaki wa matumbawe huishi vizuri kwenye maji ya nyuzi joto 24 hadi 27, usiku na mchana. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Makambako uko zaidi ya mita 1,600. Kati ya Juni na Agosti, sebule isiyo na moto inaweza kushuka hadi nyuzi 13 au chini yake usiku. Mtoto huvalishwa sweta mbili, lakini samaki anategemea hita peke yake. Hita ya wati 100 ambayo boksi lake linasema inatosha lita 100 imekadiriwa kwa nyumba yenye joto. Hapa zinahitajika wati 200 au zaidi, na ni afadhali kuweka hita mbili ndogo kuliko moja kubwa, ili moja ikifa nyingine ibaki.

Sasa piga hesabu. Wati 200 zikiwaka saa 15 kwa siku ni uniti tatu. Kwa mwezi ni uniti 90. Familia iliyo kwenye bei ya wateja wadogo wa umeme, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, itatolewa kwenye bei hiyo na samaki wawili tu. Hesabu hii ifanywe mezani, baba na mama wakiwepo, kabla kioo hakijaingia ndani.

Jiko la mkaa libaki nje

Umeme ukikatika usiku wa baridi, wazo la kwanza la mtu mwenye huruma na samaki ni kusogeza jiko la mkaa sebuleni na kufunga mlango. Hapa ndipo samaki wa mapambo anaweza kuondoka na watu. Mkaa unaowaka ndani hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hatazisikia. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi kuifanya iwe salama. Jenereta nayo ikae nje, mbali na madirisha. Wakianza kuumwa kichwa wawili au watatu kwa pamoja, toka nje wote na muwahi hospitali.

Zipo njia nyingine. Funga blanketi kuzunguka kioo, ukiacha nafasi ya hewa juu. Jaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki, zifunge vizuri, ziache zielee ndani na uzibadilishe zikipoa. Washa pampu ndogo ya hewa ya betri. Tangi la lita 100 hupoa taratibu kuliko la lita 30, na ndiyo maana tangi dogo, ambalo wengi hudhani ni rahisi kwa kuanzia, ndilo linaloua samaki haraka.

Pampu ya hewa ina kazi nyingine huku milimani. Kwenye mita 2,000 hewa ni nyepesi, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Maji ya uvuguvugu yenye chumvi yanashika kidogo zaidi ya hapo. Kwa hiyo uso wa maji uwe unachezacheza muda wote, na samaki wawe wachache: wawili au watatu wadogo kwa lita 100.

Chumvi ya jikoni haifai

Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, yaani kilo tatu na nusu kwa tangi la lita 100. Chumvi ya mezani haiwezi kuchukua nafasi hiyo, kwa sababu bahari ina pia magnesi, kalsiamu, potasiamu na madini mengine ambayo wanyama wake wanayahitaji. Inatumika chumvi maalumu ya matangi ya bahari, ikichanganywa na maji yaliyochujwa madini yote. Maji ya bomba yenye klorini yanadhuru, na ya mvua yaliyopita kwenye bati huweza kubeba zinki na vumbi.

Kosa moja hufanywa hata na watu makini. Maji yakipungua kwa kukauka, wanaongeza maji ya chumvi. Kinachokauka ni maji tu, chumvi inabaki. Ongeza maji matupu, kisha thibitisha kwa kipima chumvi.

Halafu subiri. Tangi lililojazwa leo halipokei samaki kesho. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha bakteria wengine huigeuza kuwa naitreti, ambayo ina nafuu. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana, na maji yakiwa ya baridi huchukua muda zaidi. Katika kipindi hicho unatupia chembe za chakula cha samaki na kupima maji hadi amonia na naitraiti zisome sifuri. Mpe mtoto daftari na kipimajoto, aandike namba asubuhi na jioni. Atalalamika kwamba anaangalia maji matupu, na yuko sahihi.

Hatari nyingine za ndani

Kwa mtoto anayetambaa au kutembea, tishio kubwa linaweza kuwa ndoo ya lita 20 ya kuchanganyia chumvi, ikiwa wazi jikoni. Mtoto huzama kwenye maji machache, tena kimya kimya. Ifunikwe na ifungiwe. Tangi lenyewe likijaa lina uzito unaozidi kilo 120 pamoja na kioo na mawe, hivyo linahitaji meza nzito isiyotikisika, wala si kabati la runinga ambalo mtoto hulipanda.

Waya ushuke chini ya usawa wa soketi kwanza, ndipo upande, ili tone la maji lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme. Chomoa kila kitu kabla ya kuingiza mkono.

Mwenye kidonda mkononi avae glavu. Yupo bakteria wa majini, Mycobacterium marinum, anayeingia kwenye mchubuko na kuleta uvimbe usiopona kwa wiki kadhaa. Ukienda kituo cha afya, mwambie daktari kwamba nyumbani kuna tangi la samaki. Bila hilo anaweza kukutibu kitu kingine. Na jiwe lolote lililotoka baharini lisichemshwe jikoni ili kulisafisha, kwani baadhi ya viumbe vinavyoota juu yake vina sumu kali, na mvuke wake umewahi kulaza familia nzima hospitalini katika nchi nyingine.

Samaki akitoka pwani kwa basi, asafirishwe kwenye mfuko wenye oksijeni ndani ya boksi la foronya gumu linalozuia baridi, maana kuanzia Mafinga hali hubadilika. Muuzaji aonyeshe leseni. Matumbawe usimwagize mtu akuokotee: Mafia, kwa mfano, ni hifadhi ya bahari tangu 1995.

Familia itakayoona gharama ni kubwa ina ziwa ndani ya mkoa wake. Ziwa Nyasa, linalopakana na Wilaya ya Ludewa, lina aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani, wakiwemo wadogo wa mawe wenye rangi ya bluu na njano. Nao wanataka hita, lakini hawahitaji chumvi ya kuagiza. Majike wengi wa jamii hiyo hubeba mayai mdomoni kwa wiki tatu hivi, bila kula, hadi vifaranga waweze kuogelea.