Kesi ya Saa Nane za Usiku

Mchukue mkulima wa vitunguu wa Rhamu, kando ya Mto Daua, anayechangia pampu na jirani yake. Jioni jirani kaizima kabla zamu haijaisha. Usiku joto bado halijashuka, mkulima kajinyoosha mkekani nje ya nyumba. Mwili umelala, ulimi unakesha. "Wewe ni nani hata unizimie maji?" Jirani anababaika. Mkulima anamwongezea neno jingine, kali zaidi. Jirani, ambaye wakati huo anakoroma kwake, hana jibu. Ikifika saa nane, kesi imesikilizwa mara tano na mlalamikaji kashinda zote.

Nami nimeshinda nyingi za aina hiyo. Moyo ulinidunda kana kwamba mtu yuko mbele yangu, na asubuhi niliamka na hasira kubwa kuliko niliyolala nayo. Ngamia hucheua majani yakalainika. Binadamu hucheua neno likazidi ugumu.

Huko Rhamu jambo hilo si la mzaha. Mapigano ya koo za Wagarre na Wadegodia yaliyoitikisa Kaunti ya Mandera, Kenya, kati ya 2012 na 2014 yaliufikia mji huu, watu wakahama makwao. Chanzo ni malisho, maji na siasa, sikatai. Lakini jirani uliyemhukumu usiku kucha ni rahisi kumwona adui kunapokucha.

Dekha Ibrahim Abdi wa Wajir, aliyefariki 2011, hakuiacha kesi hii ya moyoni nje ya kazi yake ya amani. Yeye na wanawake wenzake walianza kupatanisha koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, na 2007 akatunukiwa tuzo ya Right Livelihood. Alieleza kuwa alitumia aya za Kurani kuichunguza nafsi, kisha uchunguzi huo akaupeleka kwenye ugomvi wenyewe.

Wazee nao wana maslaha, kikao cha kupatanisha waliogombana. Kila mmoja husema yake mpaka amalize, mwenzake akisikiliza bila kumkata, na hapo ndipo hotuba ya usiku hupata taabu. Mkulima wetu anaanza kwa kishindo. Kufikia sentensi ya tatu, imekwisha.

"Endelea, adeer, tunakusikia," mzee anamwambia.

Mkulima anachorachora mchangani kwa kijiti. Kilichobaki ni matuta mawili ya vitunguu vilivyonyauka. Anayataja, kwa sauti ndogo, na jirani anauliza ni matuta yapi.