Matembezi ya Wapiga Picha

Watu wengi hudhani ya kuwa kupiga picha ni kazi ya kidole. Humwona mtu akielekeza kamera yake, akibonyeza, basi, nao husema, "Hata mtoto aweza." Kweli, kubonyeza hata mtoto aweza. Lakini aliyezoea kutoka na kamera atawaambia kwamba kidole ndicho chenye kazi ndogo kuliko viungo vyote. Kazi kubwa ni ya miguu, ya macho, na ya ulimi. Leo nataka kuwaeleza habari za watu watokao pamoja kwenda kupiga picha, si kwa kutafuta fedha, ila kwa kuipenda kazi yenyewe. Tena nitawaeleza jambo moja ambalo matembezi hayo yalinifundisha kwa aibu.

Kwanza tuiangalie kamera. Kamera, iwe kubwa au iwe ndani ya simu ya mkononi, ni chumba kidogo chenye giza. Mbele pana kioo kinachokusanya nuru, na nyuma pana kitu kinachoipokea nuru hiyo na kutunza alama yake. Zamani kitu hicho kilikuwa bamba la shaba au la kioo lililopakwa dawa. Baadaye ukawa ukanda wa filamu. Na siku hizi, katika kamera nyingi, ni kipande kidogo kinachogeuza nuru kuwa umeme. Mpiga picha hupima mambo mawili: ukubwa wa tundu la kupitishia nuru, na muda ambao nuru huruhusiwa kuingia. Nuru ikizidi, picha huwa nyeupe. Ikipungua, huwa nyeusi. Wenye kutumia filamu wana kanuni rahisi: jua likiwa kali bila wingu, na filamu ikiwa ya kipimo cha 100, weka tundu kwenye namba 16, na muda uwe sehemu 1 ya 100 ya sekunde au karibu na hapo.

Katika siku za kwanza muda huo ulikuwa mrefu mno. Mwaka wa 1838 Mfaransa Louis Daguerre alipiga picha ya njia moja ya mji wa Paris. Njia ile ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini ukiitazama picha utadhani mji umehamwa. Waliokuwa wakipita hawakukaa mahali pamoja muda wa kutosha kuacha alama. Anayeonekana waziwazi ni mtu mmoja aliyesimama ili asafishiwe viatu.

Kusafiri na kamera kulikuwa taabu vilevile. Kwa njia iliyotangazwa mwaka wa 1851, bamba la kioo lilipakwa dawa papo hapo, likapigiwa picha lingali majimaji, likasafishwa kabla halijakauka. Kwa hiyo mpiga picha hakuwa na budi kuchukua chumba cha giza pamoja naye. Mwingereza Roger Fenton, alipokwenda kupiga picha za vita vya Crimea mwaka wa 1855, alinunua gari la farasi lililokuwa la mwuza mvinyo, akaligeuza kuwa chumba hicho.

Hata huku kwetu taabu hiyo ilionekana. Mwaka wa 1860 Kapteni Speke na Kapteni Grant waliondoka Bagamoyo kwenda bara kutafuta chanzo cha mto Nile. Grant alikuwa na kamera kubwa, na kazi ya dawa aliifanya ndani ya hema dogo. Joto la hema lile lilikuwa kali hata Speke akairudisha kamera pwani, akihofu kwamba mwenzake atakufa. Tangu hapo Grant akachora kwa mkono.

Wepesi ulikuja kidogo kidogo. Mwaka wa 1871 daktari Mwingereza, Richard Maddox, alieleza njia ya kutengeneza mabamba makavu, yasiyohitaji hema. Mwaka wa 1888 George Eastman wa Marekani alianza kuuza kamera ya Kodak yenye ukanda wa picha 100. Zikiisha, mwenyewe alipeleka sanduku zima kiwandani ili zisafishwe. Kisha mwaka wa 1900 ikatoka kamera ya Brownie kwa bei ya dola moja tu. Ndipo watu wasio na mali wakaweza nao kutoka siku ya mapumziko, kamera mkononi.

Nasi katika chuo chetu cha ualimu tuna chama kidogo cha picha. Safari yetu tuipendayo ni kutoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo, mwendo wa kilomita kama 70. Huondoka kabla ya mapambazuko kwa sababu ya nuru. Jua likiwa chini, nuru yake hupita ubavuni mwa vitu, ikaonyesha mikunjo ya uso na michoro ya mlango. Saa sita huwa utosini, na macho ya watu hugeuka mashimo meusi. Tena kwetu, karibu na ikweta, jua hupanda upesi. Nuru laini ya asubuhi haimngoji mvivu.

Faida ya kwenda kwa kundi ni hii. Safari moja tuliagana kwamba kila mtu apige picha ya mlango mmoja wa kale uliochongwa. Jioni tukaziweka picha mezani. Mmoja alipiga mlango mzima. Wa pili, msumari mmoja wa shaba. Wa tatu, mtoto aliyekaa barazani. Wa nne, kivuli tu kilichoanguka mchangani. Mlango ulikuwa mmoja, lakini kila mtu aligundua kitu alichokipita bila kukiona.

Sasa nitawaeleza aibu yangu. Katika safari yetu ya kwanza tulifika pwani kwa mafundi wa mashua. Walitupokea vizuri, tukapiga picha nyingi, nami nikamwahidi mzee wao kwamba nitamletea zake. Niliandika jina lake kwenye karatasi, karatasi ikapotea, nami nikasahau. Mwaka uliofuata nikarudi na wanafunzi wengine.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, Mwalimu. Mwaka jana mlikuja wengi, mkachukua nyuso zetu. Hata moja haijarudi. Mwaka huu mmekuja kuchukua nini?"

Sikuwa na jibu. Wanafunzi wangu walikuwa nyuma yangu, wakisikia yote. Nilikuwa nimewafundisha habari za nuru, nisiwafundishe habari za ahadi. Tukazitia kamera mikobani, tukaondoka pale bila kupiga picha hata moja.

Baada ya wiki tatu nilizichapisha picha zile za kwanza, nikapanda basi la abiria peke yangu. Niliomba radhi. Mzee akazitazama moja moja, akawaita wenzake. Ile niliyoipenda mimi, ambayo tuliibandika ukutani chuoni, aliiweka kando.

"Hii si kazi," akasema. "Hapa nimeshika tezo kwa ajili yako. Mtu akichonga hivi atajikata mguu."

Aliyoichagua ilikuwa ya kijana mmoja aliyeinama, mgongo wake kwetu, akishindilia pamba yenye mafuta katika nafasi za mbao. "Huyu anatia kalafati. Mashua ikishuka majini bila hiyo, itazama." Nilikuwa nimeitazama mashua ile miaka miwili, wala sikuona kitu kinachozuia maji yasiingie. Alinionyesha yeye, kwa kidole chake, juu ya picha yangu mwenyewe.

Tangu siku hiyo chama chetu kina desturi tatu. Ya kwanza, tunaamkia kabla ya kutoa kamera, tunaeleza shida yetu, na kuomba ruhusa. Mtu akikataa, hatumbembelezi, na kwa mtoto tunamwomba mzazi wake. Ya pili, kila mmoja ana daftari la kuandikia jina, mahali, siku, na ahadi aliyoitoa. Ya tatu, hatupigi picha mpya mahali tulipo na deni la picha za zamani; nazo tukizipeleka, tunakaa na wenyewe watusomee.

Wenye simu msidhani kwamba maneno haya hayawahusu. Picha elfu zaweza kulala ndani ya simu, na mwenye uso asiione hata moja.

Safari iliyofuata mzee alitupokea tena. Aliwapanga wanafunzi wangu mwenyewe, akiwaambia wasimame upande gani ili vivuli vyao visiwaangukie mafundi, na wangoje mpaka kalafati ianze. Basi, msomaji, utokapo na kamera yako, ihesabu safari hiyo kuwa ni ya kwenda na kurudi.