Badiliko Dogo la Kirusi, Ugonjwa Mzito wa Mafua

Kirusi cha influenza A hubeba jeni zake katika vipande 8 vya RNA. Kila kinapozaliana ndani ya seli, kimeng'enya kinachonakili vipande hivyo hukosea hapa na pale, wala hakina uwezo wa kurudia kazi yake na kuisahihisha. Ndiyo maana mgonjwa mmoja hubeba virusi vingi vinavyotofautiana kidogo kidogo. Mengi ya makosa hayo hukidhuru kirusi chenyewe au hayaleti athari yoyote. Yanayozidisha ukali wa ugonjwa ni machache, na si lazima yakinufaishe kirusi: aliyelazwa hoi kitandani huambukiza watu wachache kuliko anayekohoa ndani ya basi.

Badiliko lililozua mjadala mkubwa lilionekana Norway wakati wa janga la H1N1 la mwaka 2009, maarufu kwa jina la mafua ya nguruwe. Novemba mwaka huo, Taasisi ya Afya ya Umma ya Norway ilitangaza kuwa imelikuta kwenye virusi vya wagonjwa waliofariki au kuzidiwa. Uchambuzi uliofuata ulilibaini kwa wagonjwa 11 kati ya 61 waliougua vibaya, na kwa wale 205 waliougua kidogo halikuonekana hata kwa mmoja. Linaitwa D222G, kwa sababu katika nafasi ya 222 ya protini ya hemaglutinini, asidi ya amino moja imeondoka na nyingine, glisini, imeshika mahali pake.

Hemaglutinini ndiyo inayokiwezesha kirusi kung'ang'ania seli. Virusi vya mafua ya binadamu hupendelea aina ya sukari iliyojaa kwenye seli za pua na koo; virusi vya ndege hupendelea aina nyingine, ambayo kwa binadamu hupatikana zaidi ndani kabisa ya mapafu. Kirusi chenye D222G huweza kushika zote mbili, na mapafu yakishavamiwa, nimonia haiko mbali.

Hata hivyo, wagonjwa 50 kati ya wale 61 walizidiwa bila badiliko hilo, na katika nchi nyingine lilikutwa pia kwa watu waliougua kidogo. Zaidi ya hapo, halikuonekana kusambaa kutoka mtu hadi mtu. Yaelekea mara nyingi lilizuka ndani ya mwili wa mgonjwa mwenyewe, na hapo sababu na matokeo huwa vigumu kutenganisha: huenda kirusi kilishuka mapafuni kwanza, kikabadilika kikiwa huko.

Kwa ndege, uhusiano ni wa wazi zaidi. Hemaglutinini haifanyi kazi mpaka ikatwe na vimeng'enya vya mwili uliovamiwa. Kwa kawaida vimeng'enya hivyo viko kwenye njia ya hewa na utumbo tu, lakini baadhi ya virusi vya H5 na H7 hubadilika kiasi cha kukatwa na vimeng'enya vilivyomo karibu kila kiungo, hata ubongo. Huko Pennsylvania, Marekani, kirusi cha H5N2 kilichowafanya kuku waugue kidogo mwezi Aprili 1983 kiligeuka muuaji ilipofika Oktoba. Ndege wapatao milioni 17 waliangamia au kuuawa ili kuudhibiti mlipuko huo.

Joto nalo lina nafasi yake. Mwili wa ndege una takriban nyuzi 41, ilhali pua ya binadamu ina kama 33. Badiliko moja la protini ya PB2, liitwalo E627K, hukiwezesha kirusi cha ndege kuzaliana vizuri kwenye ubaridi huo. Lilionekana katika baadhi ya virusi vya H5N1 vilivyoambukiza watu 18 Hong Kong mwaka 1997 na kuua 6, na majaribio kwa panya yalithibitisha kuwa huongeza ukali.

Kwa mafua ya kila mwaka, kinachosumbua watu wengi zaidi ni mabadiliko yanayokifanya kirusi kisitambulike na kinga ya mwili. Hayo si lazima yakifanye kiwe kikali, ila wanaoambukizwa huongezeka, na miongoni mwao wazee, watoto wachanga, wajawazito na wenye maradhi ya moyo au mapafu ndio huzidiwa kwanza. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani hupitia muundo wa chanjo mara mbili kwa mwaka, Februari kwa kizio cha kaskazini na Septemba kwa kizio cha kusini, na aliyechanjwa mwaka uliopita hushauriwa kuchanjwa tena.