Nisba ya Antena na Wimbi

Wako watu wengi waaminio kwamba antena ya redio kadiri irefushwavyo ndivyo sauti izidivyo kuwa safi, na imani hiyo, ijapokuwa haikosi chembe ya haki, aghalabu huwatia wenyewe katika gharama bure. Maana kinachotazamwa si urefu peke yake, bali ni nisba iliyopo baina ya urefu huo na urefu wa wimbi.

Hesabu yake ni nyepesi: gawanya 300 kwa idadi ya megahezi za stesheni, upate urefu wa wimbi kwa mita. Stesheni ya FM ya megahezi 100 ina wimbi la mita 3, na robo yake, sentimita 75, ndiyo kadiri inayoifaa antena ya kuvuta. Aliyekwisha kuifikia hapati ziada ya maana kwa kuirefusha, na pengine afadhali aisogeze redio dirishani.

Katika masafa mafupi mambo ni mengine. Kwenye mita 49 robo ya wimbi hupita mita 12, ilhali antena ya redio ya mkononi haifiki hata sehemu ya kumi ya kipimo hicho, ndiyo sababu wasikilizaji wa zamani wakatandaza waya kutoka dirishani hadi kwenye mti au mlingoti. Faida walipata, lakini faida ina mpaka: waya unaovuta sauti huvuta pia ngurumo za radi za mbali, na zikishapanda zote mbili kwa kiasi kimoja, msikilizaji ameongeza kelele tu, seuze redio ndogo, ambayo huelemewa hata stesheni zikaingiliana.

Masafa ya kati ndiyo yenye ajabu zaidi. Wimbi la megahezi 1 ni mita 300, na nani mwenye uwanja wa kusimamisha robo yake? Mtangazaji hufanya mnara mzima kuwa antena. Msikilizaji ana kijiti cheusi cha feriti kilichozungushiwa waya mwembamba ndani ya redio, nacho hunasa usumaku wa wimbi. Basi anayevuta antena ya nje hapo anajisumbua. Aigeuze redio yenyewe polepole, na sauti itapanda na kushuka kwa jinsi kijiti kinavyoelekea.

Kupokea, hata hivyo, kuna msamaha ambao kupeleka hakuna, kwani antena fupi mno hupoteza nguvu nyingi kwa joto kabla hazijatoka. Redio ya baharini, chaneli ya 16, hutumia megahezi 156.8, na robo ya wimbi lake ni kama sentimita 48; kile kijiti kifupi cha mpira cha redio ya mkononi kimefichiwa ndani waya uliosokotwa ili kuziba upungufu, wala hakiuzibi wote. Nahodha atakaye kusikika mbali atafute kimo kuliko urefu: antena iliyo mita 2 juu ya maji ina upeo wa kilomita 6 hivi, na ikipandishwa mlingotini hadi mita 9 upeo huo hufikia kilomita 12.