Kijibwa kinapokulamba mkono: mapenzi yake, mate yake na afya yako



Ukitoka soko la samaki la Feri wakati wa alasiri ukafuata njia ya ufukweni kuelekea Hospitali ya Ocean Road, si ajabu kukutana na kijana wa kazi akikitembeza kijibwa cha tajiri wake. Kijibwa chenyewe cha manyoya, pengine hakifiki kilo tano. Watu wetu wa Kariakoo wakikiona hucheka, au hukunja kanzu na kuvuka barabara. Wachache hubaki kuona kinachotokea kijana anapokaa ukutani kupumzika. Kijibwa kinampandia mapajani, kinamkodolea macho, kinamlamba kiganja.

Safu ya leo ni ya kijana huyo, na ya mabinti wanaofanya kazi za ndani kwenye maghorofa ya Kivukoni, Kisutu na Upanga, ambao wengi ni Waislamu wenzetu. Wakija kutibiwa homa au kikohozi, swali lao lenyewe hutoka mwishoni, wakiwa wameshashika kitasa cha mlango: "Samahani daktari, kile kijibwa cha mama kinanipenda mno, kinanilamba kutwa. Nifanyeje?" Wenzao wameshawaambia kwamba mbwa hana mapenzi, ana njaa tu. Wengine wamewaambia waache kazi. Majibu hayo hayamsaidii mtu ambaye mshahara wake ndio unaolisha wazee kijijini.

Tuanze na mapenzi, maana ndiyo yanayobishaniwa zaidi vijiweni. Wakunga wanaifahamu homoni iitwayo oksitosini. Ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi wakati wa kujifungua na kuteremsha maziwa ya mama, na sindano yake huchomwa mzazi mara mtoto anapotoka ili asivuje damu nyingi. Inahusika pia na ule uhusiano wa mama na mtoto mchanga wanapotazamana. Mwaka 2015 watafiti wa Japani, akiwamo Miho Nagasawa, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa mbwa na wa wanaowafuga, kabla na baada ya kukaa pamoja nusu saa. Kwa wale waliotazamana muda mrefu, oksitosini ilipanda kwa mtu na kwa mbwa. Walipojaribu kwa mbwa mwitu wa nchi za baridi waliolelewa na watu, hawakuona kitu hicho. Mwaka 2022 watafiti wengine wa hukohuko Japani wakaonyesha kwamba macho ya mbwa hulowa machozi zaidi anapokutana tena na anayemfuga kuliko anapokutana na mtu mwingine anayemjua. Naye Gregory Berns wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, aliwazoesha mbwa kulala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, akawanusisha harufu mbalimbali. Harufu ya mtu wa nyumbani kwao iliamsha sehemu ya ubongo inayotazamia jambo jema kuliko harufu ya mgeni, na kuliko ya mbwa mwenzao.

Kwa aliyesoma vitabu vya zamani hili si geni. Ibn al-Marzuban wa Baghdad, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima kuonyesha kwamba mbwa wanawashinda kwa uaminifu watu wengi wanaovaa nguo.

Sasa, mbwa ni wa nani? Kwenye risiti ni wa tajiri, lakini mbwa hasomi risiti. Anayempa chakula, anayemwogesha, anayeshinda naye nyumbani wakubwa wakiwa ofisini, huyo ndiye mtu wake. Kwa hiyo binti anayefuatwa jikoni mpaka chooni asidhani ni uchawi wala mkosi.

Vijibwa hivi vimezidi mbwa wengine kwa kung'ang'ania watu kwa sababu vilizalishwa kwa kazi hiyo. Mbwa wa aina ya Pekingese walifugwa kwa karne nyingi katika majumba ya wafalme wa China. Askari wa Uingereza na Ufaransa walipovamia kasri ya kiangazi mwaka 1860, Waingereza waliondoka na vijibwa kadhaa, na kimoja kikaishia kwa Malkia Victoria. Havikuwa vya kulinda wala kuwinda, bali vya kukaa na mtu. Ndiyo maana kikifungiwa peke yake kutwa nzima kinalia, kinakwaruza mlango na kukojoa zuliani. Mnaokipiga kwa hilo mnakipiga kwa sababu kimewakosa.

Kulamba nako kuna asili yake. Mtoto wa mbwa humlamba mama yake mdomoni kuomba chakula na kujisalimisha, na akikua anaendelea na desturi hiyo kwa anayemwona ni mkubwa wake. Lakini si kila ishara ni ya furaha. Mkia unaotikisika kwa ukakamavu huku mwili umekaza, kupiga miayo bila usingizi, kujilamba pua mara kwa mara, kugeuza kichwa na kuonyesha weupe wa jicho, hayo yote ni maombi ya kuachwa. Kijibwa kidogo kinabebwa na kubanwa hata kisipotaka, na watoto hukikumbatia shingoni wakidhani ni mwanasesere. Kikichoka kuomba, kinauma.

Mapenzi ya mbwa, basi, yanapitia mdomoni, na hapo ndipo tahara na afya zinapoingia. Watu wengi huzichanganya.

Upande wa tahara, sisi wa madhehebu ya Shafi twalijua tangu chuoni: mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Jasho lake na manyoya yake yenye maji ni vivyo hivyo. Lakini kikavu kikigusa kikavu hakinajisishi. Kijibwa kikavu kikipita na kugusa sketi kavu, hakuna la kuosha. Pia mate hayatengui udhu. Unaosha pale palipolowa, na udhu wako unabaki. Ndugu zetu wa Hanafi wanahesabu mate kuwa najisi na si manyoya, na Maliki wanamwona mbwa aliye hai kuwa tahiri, huku kuosha chombo wakikuchukulia kuwa ni ibada. Nayasema haya kwa sababu wapo mabinti waliofikia kuacha sala kazini kwa kukata tamaa. Weka kanga na nguo ya sala juu ya kabati, vaa glavu unapomwogesha na kusafisha vyombo vyake, na usimpe uso. Kutompa uso hakuhitaji teke. Ni Mtume (s.a.w.) huyohuyo aliyetufundisha kuosha chombo ndiye aliyetueleza habari ya mtu aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu. Wallahu aalam.

Upande wa afya hesabu ni nyingine. Udongo wa kutwaharisha si dawa ya jeraha. Nimeulizwa zaidi ya mara moja kama mtu aliyeumwa na mbwa apake mchanga palipotoka damu. La hasha! Udongo ndani ya jeraha unaweza kuleta pepopunda. Wala tusijisifu kwenye mihadhara kwamba sayansi imethibitisha udongo unaua kichaa cha mbwa. Dini yetu haihitaji kusaidiwa kwa habari za kubuni.

Kichaa cha mbwa ndicho ninachokihofia zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kinaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kupitia mbwa, na takriban 4 kati ya kila 10 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalitaja vifo karibu 1,500 kwa mwaka. Dalili zikishaanza kwa mgonjwa, karibu hakuna anayepona. Virusi hukaa kwenye mate, na huweza kuwamo siku kadhaa kabla mbwa hajaonyesha dalili. Tunapoona mbwa koko wa jalalani tunakimbia, lakini kijibwa chenye shampuu hatukidhanii. Nacho hutoka bustanini, hukutana na mbwa koko, hung'atwa, na jioni kimerudi kochini.

Tena ugonjwa huu hauanzi na ukali kila mara. Mbwa mpole anaweza kuzidi kunata kwa watu, au akajificha uvunguni. Sauti yake hubadilika, mate yanamtoka, anashindwa kumeza. Hapo ndipo anayempenda anapodhani amekwama mfupa kooni, akaingiza mkono mdomoni kuutoa. Msifanye hivyo kabisa. Mwiteni daktari wa mifugo.

Tofautisha mlambo na mlambo. Akikulamba kwenye ngozi nzima isiyo na mchubuko, nawa kwa sabuni, twaharisha, basi, huhitaji chanjo. Akikulamba penye kidonda, mchubuko, jicho au mdomo, au akikuuma hata kwa tundu dogo la jino, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Kabla ya kutoka, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kwa saa, si kwa kukisia. Hospitali wataamua kuhusu chanjo na sindano ya kingamwili pale jerahani. Chanjo hutolewa kwa awamu na zote zinamalizwa. Mbwa asiuawe kwa hasira. Afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, maana akibaki mzima siku hizo hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyouma. Usizisubiri siku hizo ndipo uende kutibiwa.

Kwamba kazi hii inawezekana, tunao mfano karibu. Kisiwa cha Pemba kilikomesha kichaa mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena na kukikomesha mwaka 2018. Waliochanjwa ni mbwa wa Waislamu pia, wale wa mashambani.

Kuna minyoo pia, hasa kwa watoto wa mbwa, ambao huzaliwa nayo kutoka kwa mama yao. Dawa yake ni rahisi. Atakayeokota kinyesi avae mfuko mkononi, na watoto wanawe kabla ya kula.

Nikurudie wewe binti uliyeshika kitasa. Usimfiche mwajiri kwamba umeng'atwa kwa kuogopa kufukuzwa au kumwonea huruma mbwa. Mwombe akuonyeshe kadi ya chanjo ya kijibwa chake. Usione haya, wewe ndiye unayelambwa. Kadi ina tarehe, na chanjo ya kichaa kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Ikiwa tarehe imepita, au kadi haipo, mwambie leo, kabla hajatoka kwenda ofisini.