Balbu, Diodi na Kiashiria

Katika vijiji vya milimani kama Kingerikiti, wilayani Nyasa, pikipiki ni usafiri wa watu wengi. Mafundi wake hutumia neno "indiketa" kwa vitu viwili: taa za nje za kukatia kona, na taa ndogo ya dashibodi inayomjulisha dereva kwamba hizo za nje zinamweka. Mfasiri wa kitabu cha ufundi hana budi kuvitenganisha. Hii ya dashibodi twapendekeza iitwe "kiashiria".

Utata huzidi pale balbu ya kiashiria inapoondolewa na kutiwa diodi itoayo nuru, ambayo madukani huitwa "balbu ya LED". Jina hilo lapotosha. Balbu huwaka kwa uzi wake kupata moto, wala haijali umeme umeingilia upande gani; diodi hupitisha umeme upande mmoja tu. Pikipiki nyingi zina kiashiria kimoja, kilichofungwa kati ya waya wa kushoto na wa kulia, nao umeme hukipitia mara huku, mara kule. Kikitiwa diodi moja, kitawaka kwa kona za upande mmoja na kuzimika kwa za upande wa pili. Dereva ateremkaye kuelekea ziwani aweza kusahau taa ikimweka, na kumdanganya aliye nyuma yake. Dawa ni diodi mbili zilizogeuziana, pamoja na rezista ya kupunguza mkondo, kwa kuwa voti 12 huziunguza.

Basi "balbu" ibaki jina la taa ya uzi. "Indiketa" hatuifukuzi gereji. Twaiondoa katika maelekezo yaliyoandikwa.